Mwongozo kamili: jinsi ya kupima maji ya kisima chako ujue kama kweli yanashuka

Kila kiangazi naulizwa swali lilelile: "Kisima changu kinakauka, nichimbe zaidi?" Nikiuliza maji yako mita ngapi kutoka juu, mwenye kisima ananionyesha kwa mikono. Nikiuliza Novemba ya mwaka jana yalikuwa wapi, hana jibu.

Wapo waliojitahidi kupima, na nawashukuru, lakini namba nyingi wanazonitumia haziwezi kulinganishwa. Moja imepimwa alfajiri, ya pili saa saba mchana pampu ikiwa inanguruma. Moja imeanzia ukingo wa zege, nyingine imeanzia ardhini. Namba za namna hiyo haziwezi kukwambia kama maji yamepanda au yameshuka, na mtu anaweza kumaliza akiba yake yote kwa kuzifuata.

Mifano yangu ni ya Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Zabibu na mboga za kiangazi huku zinategemea visima. Ukiwa Singida, Kitui au Machakos hatua ni hizihizi, badilisha miezi tu ufuate mvua za kwenu.

## Vifaa unavyohitaji

Kusanya vyote kabla hujafungua mfuniko wa kisima.

- Futi kamba ya chuma au ya fibaglasi, mita 30 au 50. Usitumie ya kitambaa, hurefuka ikilowa.
- Timazi ya fundi mwashi, au kipande cha chuma cha gramu 200 hadi 500 kilichofungwa vizuri kwenye ncha ya futi. Kwenye kisima cha maji ya kunywa usitumie uzito wa risasi.
- Chaki ya buluu. Nyeupe nayo inafaa, ila alama yake ni ngumu kuiona kwenye mwanga mkali.
- Rangi ya mafuta na brashi ndogo.
- Kaunta buku na penseli. Kalamu ya wino itakuangusha siku mikono ikiwa na maji.
- Dawa ya klorini ya kuoshea nguo isiyo na manukato, na kitambaa safi.
- Kipima mvua.
- Kwa kisima kirefu cha mtambo (kilichochimbwa kwa mashine): waya wa umeme wenye nyuzi mbili, mrefu kuliko kina cha maji, na multimita ya kawaida ya fundi umeme.

## Onyo kabla ya yote

Usishuke ndani ya kisima ili kupima. Hewa mbaya hutuama chini, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka naye. Pampu ya petroli au dizeli nayo isishushwe wala kuwashwa ndani ya kisima, kwa sababu moshi wake unaua kwa dakika chache.

Kisima cha wazi pima ukiwa wawili. Mmoja ashike futi, mwingine aandike na kuwaweka watoto mbali.

## Hatua ya 1: Chagua kisima cha kupima

Kisima kinachofaa kuliko vyote ni kile ambacho hakivutwi: cha zamani, kilichoachwa, lakini bado kina maji na kiko kwenye eneo lenu. Hakina pampu ya kukivuruga, kwa hiyo kinaonyesha hali ya maji ya ardhini ilivyo.

Kama huna, tumia kisima chako cha kila siku na uwe mkali kwenye Hatua ya 4. Ukichagua kisima, baki nacho. Kuhama mwezi wa tatu kwa sababu cha jirani kiko karibu na nyumba ni kuanza upya kabisa.

Kwanza hakikisha kisima kipo hai, maana cha mtambo kilichokaa miaka kinaweza kuwa kimeziba matundu ya chini. Pima maji, mimina lita 10 za maji safi, kisha pima tena. Kwenye bomba la inchi 4, lita 10 zinapandisha maji kama mita moja na robo. Yakirudi yalipokuwa ndani ya nusu saa au saa moja, kisima kinawasiliana na ardhi. Yakibaki juu hadi kesho yake, hicho ni chupa iliyofukiwa, tafuta kingine.

## Hatua ya 2: Weka alama moja ya kudumu

Chagua nukta moja kwenye ukingo wa kisima au mdomo wa bomba la juu, mahali ambapo futi inaning'inia bila kugusa ukuta. Piga rangi mshale mdogo, na uandike kwenye daftari: "alama iko upande wa kaskazini, mkabala na mwembe."

Sababu ni kwamba ukingo wa kisima mara nyingi haukulala sawa. Upande mmoja unaweza kuwa juu kuliko mwingine kwa sentimita nne, na sentimita nne zinatosha kukudanganya mwezi mzima.

Ukingo ukijengwa upya au bomba likikatwa, pima mara mbili siku hiyohiyo, kabla na baada ya kazi ya fundi, uandike tofauti. Nimeona daftari zuri la miaka minne likiharibika kwa sababu hiyo. Fundi aliongeza kozi mbili za tofali, hakuna aliyeandika, na mwenye kisima akaamini maji yameshuka karibu nusu mita katika wiki moja.

## Hatua ya 3: Pima kimo cha alama kutoka ardhini

Lalisha fito iliyonyooka juu ya ukingo, pima kutoka kwenye alama hadi ardhi ya kawaida iliyo jirani, mbali na lundo la udongo wa kuchimbia. Tuseme ni mita 0.45. Namba hii utaitoa kila mara, ili kina chako kiwe cha kutoka ardhini na kiweze kulinganishwa na cha jirani.

Kama ardhi yenu ina mteremko, kisima cha bondeni na cha kilimani havitalingana hata vikiwa na maji yaleyale. Linganisha mabadiliko yao: chako kimeshuka sentimita ngapi tangu Mei, cha mwenzako ngapi.

## Hatua ya 4: Kiache kisima kitulie

Hapa ndipo karibu wote wanaoniandikia huwa wamekosea, kwa hiyo soma taratibu.

Pampu inapovuta, maji hayashuki kwa usawa chini ya shamba lote. Yanabonyea kuzunguka kisima, kama mtama unavyobonyea kwenye gunia unapochota katikati. Ukipima wakati huo unapima bonyeo la pampu yako. Ukiizima, maji ya pembeni yanateremka kujaza bonyeo hilo, na kwenye granaiti iliyooza ya Dodoma (mwamba uliolainika na kupasuka kwa miaka mingi) yanaweza kuchukua saa nyingi kwa sababu njia zake ni nyembamba.

Zima pampu jioni. Acha ipite usiku mzima, angalau saa 10 hadi 12. Pima saa 12 asubuhi kabla mtu yeyote hajachota hata ndoo moja.

Kisha fanya jaribio hili, na usiliruke: pima, subiri nusu saa, pima tena. Tofauti ikiwa sentimita moja au pungufu, maji yametulia, andika namba ya pili. Kama bado yanapanda, sentimita tatu, tano, hayajatulia. Subiri, au andika wazi kwamba "bado yanapanda."

Namba hizi za mfano zinaonyesha uzito wa jambo hili. Pampu ikivuta saa nane mchana: mita 19.80. Saa mbili baada ya kuzima: 16.90. Kesho yake saa 12 asubuhi: 14.62. Saa 12 na nusu: 14.61. Hizo zote ni za kisima kimoja, ndani ya siku mbili, na maji ya ardhini hayajabadilika. Aliyepima mchana mwaka huu na alfajiri mwaka jana ataapa maji yameshuka mita tano.

Jirani naye ana pampu. Kama yuko mita hamsini na anamwagilia usiku, bonyeo lake linafika kwako. Mwendee, mweleze, mkubaliane usiku mmoja wa kupumzisha pampu zote mbili. Akikubali kupima pia, mtakuwa na visima viwili vya kulinganisha.

## Hatua ya 5: Pima kwa chaki

Njia hii ni ya kisima cha wazi au bomba lenye nafasi, maji yakiwa ndani ya urefu wa futi yako.

Safisha kwanza. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya klorini kwenye lita moja ya maji, lowesha kitambaa, pangusa timazi na sehemu yote ya futi itakayoingia kisimani. Watu wanakunywa hapo.

Paka chaki mita moja ya mwisho ya futi, pande zote mbili. Fibaglasi inateleza, ipake mara mbili. Shusha polepole hadi uhisi au usikie timazi limegusa maji, kisha endelea kushusha mpaka namba kamili ya mita, tuseme 20.00, ikae sawasawa kwenye mshale wako. Shikilia hapo kwa pumzi mbili. Usiishushe tena hata kidogo, ukipitiliza anza upya.

Vuta juu haraka. Chaki iliyolowa imegeuka rangi na kuwa nzito, na mpaka kati ya iliyolowa na kavu ni mstari unaoonekana vizuri. Usome papo hapo, jua la huku linaukausha kabla hujatafuta penseli. Tuseme mstari uko kwenye 0.37.

Hesabu:

20.00 kutoa 0.37 ni 19.63. Hicho ni kina kutoka kwenye alama.

19.63 kutoa 0.45 ni 19.18. Hicho ni kina kutoka ardhini.

Kausha futi, paka chaki upya, rudia. Ukifanya vizuri, vipimo viwili havipishani zaidi ya sentimita moja. Vikipishana zaidi, pima mara ya tatu. Sababu za kawaida ni futi kugusa ukuta, timazi kukwama kwenye kamba, au mkono kushuka wakati wa kusoma.

Kama kuta za kisima zinachuruzika maji, chaki italowa mahali pasipo pake. Hapo tumia sauti. Chukua kipande kifupi cha bomba la chuma, kimezibwa juu na wazi chini, mdomo wake upana wa sentimita tatu hadi tano, kifunge kwenye ncha ya futi. Kishushe ukikipandisha na kukishusha kidogo kidogo. Kikigonga uso wa maji kinatoa mlio mzito, "pwo!", unaosikika hata kwenye kisima kirefu. Soma futi kwenye alama wakati wa mlio, uongeze urefu kutoka sifuri ya futi hadi mdomo wa bomba.

## Hatua ya 6: Kisima cha mtambo chenye pampu ndani

Humo kuna bomba la maji, waya wa pampu na kamba. Futi ikijizungusha hapo unaweza kuipoteza, na ikibidi kuivuta kwa nguvu utaharibu waya wa pampu.

Dawa yake ni bomba la kupimia: plastiki la robo tatu ya inchi au inchi moja, limetobolewa matundu sehemu ya chini, likashushwa sambamba na bomba la pampu hadi karibu na pampu. Mwambie fundi aliweke siku anaposhusha pampu. Kuja kuliongeza baadaye ni kung'oa kila kitu.

Ndani ya bomba hilo unashusha waya wa nyuzi mbili. Chonga ncha zote mbili sentimita moja, zitenganishe kama upana wa kidole zisigusane, na uzivishe kipande cha mrija wa plastiki kilicho wazi chini, ili ncha zisiguse ukuta wenye unyevu. Funga uzito mdogo. Weka alama kila mita kwenye waya, ukiupima ukiwa umenyooshwa.

Wengi huunganisha betri na balbu ya tochi, wakasema njia haifanyi kazi. Kweli, haitafanya. Maji ya kisima hupitisha umeme kidogo mno kuwasha balbu ile. Tumia multimita kwenye kipimo cha ukinzani (ohm). Ncha zikiwa hewani haisomi kitu, zikigusa maji sindano au namba inaruka mara moja. Shusha mpaka iruke, pandisha mpaka ikatike, shusha tena. Bana waya kwa kidole penye alama ya kisima, uvute nje, pima kutoka kwenye kidole hadi ncha kwa futi.

Umefanikiwa kama namba inaruka mahali palepale mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 7: Andika hapohapo

Usiseme utaandika ukifika nyumbani. Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, namba ya futi kwenye alama, sehemu iliyolowa, kina kutoka alama, kina kutoka ardhini, saa zilizopita tangu pampu izimwe, na maelezo.

Mstari wangu unasomeka hivi: "15 Oktoba, saa 12:40 asubuhi, 20.00, 0.37, 19.63, 19.18, saa 11 tangu kuzima, jirani wa mashariki hakuvuta, hakuna mvua."

Andika namba ghafi zote, si jibu tu. Ukikosea kutoa, miaka miwili baadaye utaweza kurekebisha. Ukiandika jibu peke yake, kosa limekufa nalo.

Kipimo cha wakati pampu inavuta nacho kina kazi yake, kinakuonyesha kama maji yanakaribia mdomo wa pampu. Kiandike ukurasa mwingine kabisa.

Pima tarehe 1 na 15 za kila mwezi. Ukishindwa, usikose vipimo viwili vya mwaka: Novemba kabla ya mvua za kwanza, na Mei mvua zikiwa zimekwisha. Maji huchukua muda kufika chini, kwa hiyo kisima kinaweza kuendelea kupanda wakati juu kumeshakauka.

## Hatua ya 8: Pima pia kisima kizima, mara moja kwa mwaka

Shusha timazi hadi liguse chini na futi ilegee. Pandisha mpaka ikaze tu, soma. Kama timazi linaning'inia chini ya sifuri ya futi, ongeza urefu wake.

Visima vingi vinavyosemwa "vimekauka" vimejaa mchanga. Mwaka wa kuchimba kilikuwa mita 24, leo ni mita 21, na maji bado yako mita 19 kama zamani. Mwenye kisima anaona ndoo haijai, anaamini maji yameshuka. Huyo anahitaji kuzoa mchanga, kazi ya gharama ndogo mno ikilinganishwa na kuongeza kina.

Pampu iliyochakaa nayo hutoa maji machache kutoka kwenye kisima chenye afya. Kama kina cha maji yaliyotulia hakijabadilika na kisima hakijajaa mchanga, fungua pampu kabla ya kulaumu ardhi.

## Hatua ya 9: Pima mvua ya shambani kwako

Mvua ya Dodoma inanyesha hapa na kuruka pale. Namba ya mjini haikuhusu ukiwa Hombolo.

Kipima mvua kikae wazi, mbali na paa na miti, kisome kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Andika ya kila siku, si jumla ya mwezi tu, kwa sababu milimita 60 za usiku mmoja na milimita 60 zilizogawanyika siku kumi na mbili hazifanyi kazi moja. Zile za kidogo kidogo huishia kwenye mizizi na kwenye jua. Zile kubwa ndizo hujaza makorongo, na chini ya mchanga wa korongo maji yana njia ya kushuka.

## Hatua ya 10: Chora

Karatasi ya miraba inatosha. Chini andika miezi, pembeni kina, lakini sifuri iwe juu na namba zikue kuelekea chini, kama kisima chenyewe kilivyo.

Usipogeuza hivyo, mstari utapanda wakati maji yanashuka, na utamchanganya kila atakayeuona. Namba ikiongezeka, maji yameenda mbali. Liandike kwa herufi kubwa juu ya karatasi.

Pembezoni mwa mstari huo, chora nguzo za mvua za kila mwezi.

## Hatua ya 11: Soma mstari wako bila kukurupuka

Usilinganishe Aprili na Novemba. Kila kisima hushuka kiangazi, hiyo ni kawaida yake. Linganisha Novemba na Novemba, Mei na Mei.

Kama Novemba zote ziko karibu usawa mmoja, mnatumia kile kinachorudi. Kama kila Novemba iko chini ya iliyotangulia hata baada ya mvua nzuri, mnavuta kuliko kinachoingia. Kama mstari umelala bila kujali mvua wala kiangazi, rudia jaribio la lita 10 la Hatua ya 1. Likipita, huenda kisima kinakula maji ya kina kirefu yaliyofunikwa na tabaka gumu, ambayo hujibu polepole.

Msimu mmoja au miwili haitoshi kutoa hukumu. Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, kwenye visima vinavyolisha jiji, viwango vimerekodiwa tangu miaka ya 1950. Rekodi hiyo inaonyesha kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanashuka miaka kadhaa mfululizo, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa unayarudisha kwa kishindo, kama ulivyofanya ule wa El Niño wa 1997/98. Misimu ya mvua za kawaida mara nyingi haikuyapandisha kitu cha maana.

Kwa hiyo kushuka kwa miaka mitatu si lazima kuwe mwisho wa kisima. Na kupanda baada ya mvua kubwa si ruhusa ya kuongeza ekari tatu, kwa sababu maji hayo huenda yakalazimika kukuvusha miaka mitano au zaidi.

## Hatua ya 12: Geuza namba kuwa ekari

Mita moja ya kina si mita moja ya maji. Ardhi imejaa mawe na udongo, maji yako kwenye nafasi ndogo katikati. Tuseme kwenye mwamba uliooza asilimia 5 tu ndiyo inatoa maji. Kwenye mchanga wa korongo ni zaidi, kwenye udongo wa mfinyanzi ni pungufu.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Maji yakishuka mita moja chini ya ekari yako, yaliyotoka ni 4,047 mara 0.05, yaani mita za ujazo 200 hivi.

Mboga za kiangazi ukizimwagilia milimita 5 kwa siku, ekari moja inakunywa mita za ujazo 20 kila siku. Mita nzima ya kisima inaisha kwa siku kumi. Kisima hakishuki mita moja kila siku kumi kwa sababu kinavuta pia chini ya mashamba ya majirani, nao wanavuta chini ya lako. Ndiyo maana namba hizi zina maana zaidi zikikaa mezani kwa pamoja.

Upande wa kujaza hesabu ni hiyohiyo kwa kinyume: milimita 10 zilizofika chini hupandisha maji sentimita 20.

Kwenye maeneo makavu ya Andhra Pradesh, jimbo la kusini mwa India, maelfu ya wakulima walifundishwa kupima visima vyao na mvua, kisha wakawa wanakaa pamoja kabla ya msimu wa kiangazi, namba zikiwa ubaoni, na kila mmoja akaamua apande nini. Hakuna aliyewalazimisha. Wengi walipunguza mpunga wenyewe, wakahamia mazao yanayokunywa kidogo.

Fanyeni hivyo mwezi Mei, baada ya kipimo cha mwisho wa mvua. Kama Mei hii iko mita mbili chini ya Mei iliyopita, kata eneo la nyanya kabla hujanunua mbegu. Tandaza majani, mwagilia jioni au alfajiri, weka mabomba ya matone kama uwezo upo. Zabibu hazing'olewi kila mwaka, kwa hiyo hesabu maji yake kwanza, mboga zipate kinachobaki.

Kuongeza kina cha kisima kuwe mwisho wa orodha, na kuwe baada ya Hatua ya 8. Ukichimba chini zaidi kwenye eneo linaloshuka, unamtangulia jirani yako kwa muda, naye atachimba.

## Hatua ya 13: Nakala na mahali pa kupeleka

Piga picha ya kila ukurasa kwa simu na uitume kwa mtu mwingine wa nyumbani. Mchwa na mvua vimekula madaftari mengi.

Namba za mwaka mzima zipeleke kwenye Bodi ya Maji ya Bonde lenu, ndiyo inayosimamia vibali vya kutumia maji. Makutupora iko chini ya Bonde la Wami/Ruvu, na sehemu kubwa ya Bahi iko Bonde la Kati. Nenda na daftari lenyewe, mchoro, na picha ya alama yako ya rangi kwenye ukingo, ili ofisa akija aweze kushika futi palepale unaposhika wewe.